Springi za Pikipiki na Uzito Zinaoubeba

Somo la usalama barabarani kwa wamotari na abiria wao

Jioni moja ya mvua, askari wa usalama barabarani walimsimamisha mmotari kijana kwenye mteremko unaotoka Kamembe kuelekea mpaka wa Rusizi ya Kwanza. Sababu ilikuwa taa: mwanga wake uliwapiga machoni madereva waliokuwa wakipanda. "Afande, taa ni nzima, nimeibadilisha juzi tu," alijibu kwa adabu. Alisema kweli. Abiria wake, mama mchuuzi mwenye mzigo wa kupeleka Bukavu, aliposhuka, pikipiki iliinuka nyuma na mwanga ukateremka hadi mahali pake barabarani. Kosa halikuwa la taa. Lilikuwa la springi.

Ndugu msomaji, tunazungumza mara nyingi kuhusu kofia ngumu, mwendo kasi na ulevi, na tuna haki ya kufanya hivyo. Leo tutazame kifaa kisichosemwa sana, ingawa wilaya yetu ya milima inakihitaji kila siku.

Kazi ya springi

Springi hubeba uzito na kupokea kishindo cha mashimo. Mafuta yaliyomo ndani ya shokapu huituliza springi ili isiendelee kurukaruka. Vyote viwili vina lengo moja: kuliweka gurudumu chini, likiigusa barabara. Gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halikati kona.

Springi ikiwa laini mno kwa uzito inaoubeba, pikipiki hulala nyuma. Mbele huwa pepesi, usukani huyumba, taa hutazama juu, na kila shimo hugonga chuma kwa chuma. Ikiwa ngumu mno, gurudumu hurukaruka juu ya matuta badala ya kuyafuata, na katika kona yenye maji huteleza kabla dereva hajatambua. Kwa hiyo si kweli kwamba springi ngumu ndiyo bora siku zote. Iliyo bora ni ile inayolingana na uzito.

Uzito upi?

Hapa ndipo wamotari wengi wanapokosea. Dereva huenda kwa fundi peke yake, anakaa juu ya pikipiki, anaona iko sawa, anaondoka. Lakini kazi yake si kuendesha peke yake. Uzito wa dereva hugawanyika kati ya magurudumu mawili, ilhali abiria hukaa karibu kabisa juu ya gurudumu la nyuma, na sehemu kubwa ya uzito wake huangukia hapo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Springi mbili za nyuma hubonyea pamoja milimita 1 kwa kila kilo 3, na gurudumu lina nafasi ya kupanda milimita 80. Dereva na pikipiki vimekwisha kutumia milimita 25. Abiria wa kilo 75 anaongeza 25 nyingine. Mzigo wa kilo 30 ukiwa nyuma unaongeza 10. Jumla ni 60, na kwa mashimo yote ya njiani zimebaki milimita 20 tu.

Jinsi ya kupima

Kazi hii yahitaji futi ya kupimia, rafiki mmoja na dakika kumi.

1. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati ili gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoiweka kwenye fremu, wima juu yake. Andika.
2. Ishushe kwenye magurudumu yote mawili, bila mtu juu yake. Pima tena.
3. Keti ukiwa umevaa kofia na nguo zako za kazi, rafiki akiishika pikipiki isiegemee upande. Mtu mwingine apime. Rudia ukiwa na abiria wa uzito wa kawaida.
4. Toa kila kipimo katika kile cha kwanza. Jibu ndilo kiasi ambacho springi zimebonyea.

Kanuni ya mafundi ni kwamba, kwa uzito wa kawaida wa kazi, springi itumie takriban theluthi moja ya nafasi yake. Nafasi ya milimita 90, kwa mfano, yataka takriban 30. Kitabu cha pikipiki au fundi atakuambia nafasi ya pikipiki yako.

Pete si springi

Pikipiki nyingi za biashara zina pete yenye vidato kwenye shokapu za nyuma. Ukiizungusha, nyuma hupanda au hushuka. Anayebeba abiria kutwa aiweke kwa uzito wa abiria, pande zote mbili katika kidato kimoja. Lakini tukumbuke: pete huiinua pikipiki tu, haiifanyi springi iwe ngumu zaidi.

Ikiwa pete imefika kidato cha mwisho na pikipiki bado inalala, springi ni laini mno kwako. Kuna dalili nyingine: ukiwa na abiria kipimo ni kizuri, lakini pikipiki ikiwa tupu haibonyei hata kidogo. Maana yake pete imekazwa ili kuficha udhaifu wa springi. Ikiwa, kinyume chake, pete iko kidato cha kwanza na abiria akipanda pikipiki haishuki vya kutosha, springi ni ngumu mno. Katika hali hizo, badilisha springi, zote mbili kwa pamoja. Mwambie muuzaji aina ya pikipiki, uzito wako na uzito unaoubeba.

Wapo wanaobana vipande vya mpira wa tairi kati ya mizunguko ya springi, wanaoikata, au wanaoichomelea. Springi iliyokatwa huwa fupi na ngumu. Iliyounguzwa hupoteza nguvu yake na inaweza kukatika njiani. Urahisi wa leo ni gharama ya kesho.

Usisahau mbele

Barabara ya kutoka Kamembe, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hushuka hadi bonde la Bugarama, karibu mita 1,000. Katika mteremko, kila unapofunga breki uzito hukimbilia mbele. Shokapu za mbele zikizama hadi mwisho, gurudumu hukosa nafasi ya kufuata barabara, na usukani hukutoka mikononi. Ukiona mafuta yanavuja, nenda kwa fundi kabla ya safari.

Maswali ya kujipima

1. Je, ulipima springi zako ukiwa na abiria, au peke yako?
2. Pete yako iko kidato cha ngapi, na pande zote mbili ni sawa?
3. Abiria akipanda, mwanga wa taa yako huangukia wapi?

Nawe abiria, ukiona pikipiki imelala nyuma kabla hata hujapakia mzigo, una haki ya kuchagua nyingine. Tangu mwaka 2019 Polisi ya Taifa ya Rwanda inaendesha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani ufike kwa amani. Amani hiyo huanzia kwenye kipimo unachochukua asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza. Ajali ikitokea, piga simu 113.