Ninja wa Gemu na Ninja wa Mtaani: Mabadiliko ya Maana ya Neno la Mkopo katika Kiswahili cha Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanachunguza neno "ninja" kama linavyotumika katika Kiswahili cha Dar es Salaam, hususan katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke. Hoja kuu ni kwamba neno hili liliingia kupitia picha za filamu na michezo ya video, na kwamba kilichokopwa na wasemaji ni vazi la ninja zaidi ya kazi yake. Inapendekezwa kwamba wanakamusi watenge maana zake na kuonyesha mipaka ya matumizi ya kila maana.

1.0 Utangulizi

Ukopaji wa msamiati ni mada iliyoshughulikiwa kwa mapana katika isimu ya Kiswahili, hasa kuhusu maneno yatokayo katika Kiarabu na Kiingereza. Maneno yenye asili ya Kijapani, kama vile karate, judo, samurai na ninja, ni machache. Miongoni mwa hayo, ninja linastahili kuangaliwa peke yake, kwa kuwa halikubaki kuwa jina la kitu cha kigeni. Limepewa kazi ya kutaja watu na mavazi yanayoonekana kila siku Tandale, Mwananyamala, Tandika na Mbagala. Kwa kuwa mojawapo ya kazi hizo inagusa heshima ya wanawake wa Kiislamu, suala hili linavuka mipaka ya sarufi.

2.0 Ninja wa Historia na Ninja wa Gemu

Katika Kijapani, neno hili huandikwa kwa alama mbili: ya kwanza ina maana ya kuvumilia na kujificha, na ya pili ina maana ya mtu. Kisawe chake cha kale ni shinobi. Watu hao, hasa wa maeneo ya Iga na Koga, walitumiwa na mabwana wa kivita wa karne ya 15 na 16 kupeleleza na kujipenyeza katika ngome za adui. Bansenshukai, mwongozo uliokusanywa mwaka 1676, unatenga njia mbili za kazi hiyo: kuingia waziwazi kwa kujibadili, na kuingia kwa kujificha. Katika njia ya kwanza, vazi jeusi lisingefaa kitu, maana lingemfichua mvaaji mchana kweupe. Vazi hilo ni la jukwaani na la picha zaidi kuliko la historia.

Mchezo wa video wa Tenchu, uliotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Acquire na kutolewa mwaka 1998 kwa ajili ya PlayStation, umejengwa juu ya njia ya pili. Mchezaji humwongoza Rikimaru au Ayame, watumishi wa bwana Gohda, katika Japani ya enzi za ukabaila. Hupanda mapaa kwa kamba yenye ndoano, hujibanza ukutani, na hutazama kipimo kinachomwonyesha jinsi adui alivyo karibu. Anayeonekana hupoteza alama. Anayemaliza kazi bila kuonekana hupewa daraja la juu. Kwa hiyo, ijapokuwa gemu limechukua vazi la jukwaani, sifa bainifu ya ninja ndani yake ni kutoonekana.

3.0 Njia ya Kuingia

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kabla na hata baada ya hapo, vibanda vya video vilikuwa mahali muhimu pa kutazamia filamu za mapigano. Filamu za Kimarekani kama Enter the Ninja (1981) na American Ninja (1985) zilieneza sura ya mpiganaji mwenye vazi jeusi, aliyeacha macho tu. Wafasiri wa filamu, akiwemo Lufufu aliyepata umaarufu kwa kazi hiyo, waliziwekea filamu za kigeni maelezo ya Kiswahili. Baadaye vikaja vibanda vya gemu.

Kifonolojia, neno halikuhitaji marekebisho makubwa. Kijapani hukitenga king'ong'o na silabi inayofuata. Kiswahili hukiunganisha na konsonanti, ikapatikana ni-nja, yenye mkazo katika silabi ya kwanza. Umbo hilo linakaa vizuri kando ya "mjanja", na huenda ukaribu huo wa sauti na maana ulilisaidia kukubalika. Hata hivyo, kwa kuwa sauti hazikubadilika sana, fonolojia peke yake haiwezi kuonyesha njia iliyopitiwa. Ushahidi wa kwamba njia hiyo ni picha unapatikana katika maana.

4.0 Maana za Mtaani

Tuchunguze mifano ifuatayo:

(1) Ninja amejibanza nyuma ya ukuta.
(2) Ninja yake imechanika.
(3) Maninja wawili wamepanda daladala.
(4) Siku hizi anavaa kininja.

Katika (1) neno linataja mpiganaji, na upatanisho ni wa viumbe. Katika (2) linataja kitambaa cha kufunika uso, na upatanisho umehamia ngeli ya i-/zi-. Katika (3) linataja wanawake waliovaa kitambaa hicho. Upatanisho umerejea kwa viumbe, na wingi umechukua ma-, kama ilivyo katika "madereva" na "madaktari". Katika (4) kiambishi ki- cha namna kimelifanya kuwa kielezi, sawa na "kijeshi". Basi mfuatano ni huu: mpiganaji, vazi lake, vazi linalofanana nalo, kisha mvaaji wa vazi hilo. Hatua ya pili ni ya ufananisho; ya kwanza na ya tatu ni za taashira. Katika safari nzima, sifa ya kutoonekana imeachwa njiani, na iliyosalia ni ya kufunika uso.

Maana ya mpiganaji nayo haikufa. Inaonekana katika lakabu za sifa, kama ile ya Abdallah Shaibu "Ninja", aliyewahi kuwa beki wa Yanga. Nje ya eneo la Kiswahili, wanamgambo wa Bernard Kolélas huko Brazzaville katika miaka ya 1990 walijiita Ninja, wakichagua sifa ya vita. Picha ni moja, lakini kila jamii imechukua sifa iliyoihitaji.

5.0 Je, Palikuwa na Pengo?

Ukopaji huelezwa mara nyingi kuwa ni kuziba pengo. Hapa maelezo hayo hayatoshi. Kwa vitendo vya gemu, Kiswahili kina utajiri: kunyata, kunyemelea, kuvizia, kuotea, kujibanza, kuchungulia. Pengo lipo katika jina la mtenda tu, kwa kuwa "mviziaji" na "mnyemeleaji" hubeba lawama, na "mpelelezi" hana upanga. Kwa maana ya (1), basi, mkopo una sababu.

Kwa maana ya (2) hauna. Pwani ilikuwa na "barakoa", kifuniko cha uso cha wanawake, kabla ya neno hilo kuhamia kwenye kinga ya UVIKO-19 mwaka 2020. Na "nikabu" lipo. Neno jipya halikuleta dhana mpya, bali mtazamo: limemfananisha mwanamke mwenye kujisitiri na muuaji wa usiku. Wapo wanaolitamka kwa mazoea tu, bila nia mbaya, lakini mazoea hayaondoi kejeli iliyomo.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba upatanisho wa kisarufi hutenganisha maana za ninja, na kwamba safari ya neno imeongozwa na vazi. Kamusi inapaswa kuziingiza maana zote, kwa kuwa zinatumika. Lakini maana ya vazi na ya mvaaji ziwekewe alama ya lugha ya mtaani yenye kejeli, na msomaji aelekezwe kwenye "nikabu". Mfasiri wa michezo ya video atumie ninja kwa mtenda, na vitenzi vya Kiswahili kwa vitendo vyake. Wanafunzi wa uzamili wanaweza kuendeleza kazi hii kwa kulinganisha matumizi ya vijana wa vibanda vya gemu na ya wanawake wenyewe wanaoitwa kwa jina hilo.