Barua ya Kwanza kwa Msimamizi Mtarajiwa: Mfano wa Mwombaji kutoka Magamba, Mpanda

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu masomo ya juu ya Kiswahili hujikita zaidi katika nadharia, mbinu za utafiti na uandishi wa tasnifu. Hatua inayotangulia hayo yote, yaani ile ambapo mwombaji asiyefahamika humwandikia mwanazuoni asiyemjua kumwomba amsimamie, haijapewa uzito unaostahili. Makala hii inaichukulia barua hiyo kuwa utanzu wa maandishi wenye kanuni zake. Mfano unaotumika ni wa kufikirika: mwalimu wa Kiswahili mwenye shahada ya kwanza, anayefundisha katika kata ya Magamba, mkoani Katavi, naye anataka kusomea umahiri, kisha uzamivu.

Magamba haikuteuliwa kwa kubahatisha. Eneo la Mpanda lina Kibende, Kipimbwe na Kikonongo. Limepokea wafugaji na wakulima wengi wasemao Kisukuma. Na katika makazi ya Katumba na Mishamo waliishi wakimbizi wa Burundi waliokuja baada ya machafuko ya mwaka 1972. Ni nadra kupata mahali panapomfaa zaidi mwanaisimu. Hata hivyo, kutoka huko hadi Dar es Salaam ni safari ndefu ya reli kupitia Tabora, na mwombaji hana nafasi ya kubisha hodi ofisini kwa mhadhiri. Barua ndiyo miguu yake.

2.0 Mapokeo mawili yanayogongana

Uandishi wa barua za Kiswahili una historia ndefu. Mkusanyiko wa maandishi ya hati ya Kiarabu uliotolewa na C. G. Büttner mjini Berlin mwaka 1892 unaonyesha jinsi salamu, dua na sifa za mpokeaji zilivyokuwa na nafasi yake maalumu kabla ya mwandishi kufikia haja yake. Shule nazo zimetufundisha barua rasmi: anwani mbili, kumbukumbu namba, “Yah:”, kisha ombi. Mwombaji wetu amelelewa katika mapokeo yote mawili, na rasimu yake ya kwanza yaweza kusomeka hivi:

“Mheshimiwa Profesa, natumaini u mzima wa afya na unaendelea vema na kazi za kulijenga taifa. Mimi ni mwalimu ninayependa sana Kiswahili. Naomba unisaidie nipate nafasi ya masomo. Niko tayari kufanya utafiti wowote utakaonielekeza.”

Adabu ya barua hii haina kasoro. Tatizo limo katika neno moja: “wowote”. Kwa mwandishi, neno hilo ni unyenyekevu. Mwanafunzi mwema hamchagulii mwalimu. Kwa msomaji, linaarifu kwamba mwombaji hana swali. Aidha, kitenzi “unisaidie” kinamgeuza msimamizi kuwa mfadhili, ilhali anachoweza kutoa ni usimamizi tu; udahili na fedha huamuliwa na vyombo vingine. Barua kama hii mara nyingi haijibiwi, na mwombaji hudhani amedharauliwa.

3.0 Swali kabla ya ombi

Tuseme mwalimu huyu ameona kwamba wanafunzi wake wanaotoka katika familia za Wasukuma hubadilishana /l/ na /r/ katika insha. Je, aandike hilo? Kwa maoni yetu, lisitoshe. Athari za lugha ya kwanza katika matamshi ya Kiswahili ni uwanja uliolimwa sana. Lililo adimu ni hili: katika darasa moja la Magamba wanakaa watoto wa Kibende, Kisukuma na Kirundi, na Kiswahili wanachozungumza uwanjani hakikutoka kwa mzungumzaji mmoja wa kuigwa. Kinajengwaje? Hapo mwombaji ana jambo ambalo profesa aliyeko Dar es Salaam hawezi kuliona kutoka dirishani kwake.

Swali hilo lapasa kuonyesha kwamba limesomewa. Kuhusu Kibende ipo kamusi ndogo ya Yuko Abe iliyochapishwa Tokyo mwaka 2006. Kuhusu mtawanyiko wa lugha ipo atlasi ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 2009. Kuhusu wakazi wa Mishamo, upo utafiti wa kianthropolojia wa Liisa Malkki, *Purity and Exile* (1995). Kuzitaja zote katika barua ni majivuno. Kutaja moja na kueleza ilipoishia kunatosha. Vivyo hivyo kwa kazi za msimamizi mwenyewe: sentensi moja inayohoji jambo mahususi katika makala yake ina thamani kuliko aya nzima ya kumsifu. Jarida la *Swahili Forum*, lililoanza mwaka 1994, husomwa bila malipo mtandaoni, na kwa hiyo umbali wa Mpanda si kisingizio kamili.

Rasimu ya pili basi ingeanza na swali, ifuatwe na sentensi mbili kuhusu elimu na kazi ya mwombaji, kisha ombi lililo wazi: “Je, mwakani unapokea wanafunzi wapya katika isimujamii, na je, ungekubali kusoma andiko la kurasa mbili?” Msomaji aweza kujibu ombi hilo kwa dakika tano. Mwombaji ataje pia kuwa ni mtumishi wa umma anayehitaji ruhusa ya mwajiri, kwani jambo hilo huathiri muda wa kuanza masomo. Na aeleze anatoka Magamba ipi. Wengi watadhani ni ile ya Lushoto.

4.0 Tofauti za mifumo

Barua haina uzito uleule kila mahali. Marekani, uamuzi kwa kawaida ni wa kamati ya idara. Ujerumani, mwombaji wa uzamivu mara nyingi hutakiwa kwanza kupata kwa maandishi ridhaa ya msimamizi. Huko barua ndiyo mlango wenyewe. Katika vyuo vyetu, mwanafunzi wa umahiri anayesoma kozi kwa kawaida hupangiwa msimamizi baadaye, lakini anayeomba uzamivu kwa tasnifu pekee afanya vema kutafuta mtu mapema.

5.0 Wajibu wa anayeandikiwa

Lawama zisiishie kwa waombaji. Wahadhiri wana mizigo mikubwa, nalo hilo linafahamika. Hata hivyo, ukimya humgharimu mwombaji wa mbali zaidi kuliko jibu la “hapana”. Aliye mjini atauliza korido. Aliyeko Magamba atangoja mpaka tarehe ya mwisho ya maombi ipite. Mwombaji akumbushe mara moja baada ya wiki tatu hivi, kisha amwandikie mwingine, akimweleza iwapo ameshamwandikia mwenzake wa idara hiyohiyo. Mhadhiri naye, akiona swali lililo nje ya fani yake, ataje jina la anayelifaa. Sentensi hiyo moja yaweza kuamua iwapo Kiswahili cha watoto wa Magamba kitachunguzwa na mtu anayewasikia kila siku.