JIFUNZE: Jinsi ya kuchagua kitabu cha kutambulia ndege

Kaunti yetu ya Kilifi ina msitu wa Arabuko-Sokoke, Mida Creek na Dakatcha, sehemu zinazowavutia watazamaji ndege kutoka nchi nyingi. Kijana anayetaka kuwaongoza wageni hao, au mkazi anayetaka tu kuwajua ndege wa kwao, anahitaji kitabu. Vitabu hivi ni ghali, kwa hivyo kabla ya kutoa pesa zako zingatia mambo haya:

1. Eneo. Kenya pekee ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Kitabu cha bara zima kitakuchanganya kwa ndege wasiofika hapa. Tafuta cha Kenya au Afrika Mashariki. Mfano ni Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002 na kutolewa upya mwaka 2020. Ulizia toleo jipya, kwani majina mengine yamebadilika.

2. Michoro. Kwa anayeanza, michoro husaidia kuliko picha za kamera, kwa sababu huonyesha dume, jike na kinda pamoja. Mchukue kwera aitwaye Clarke's Weaver. Dume hufanana sana na kwera mwingine wa msituni mwenye mgongo mweusi, lakini jike wake ana mgongo wa kijani. Kitabu kinachoonyesha dume peke yake kitakupotosha.

3. Ramani. Iwe karibu na mchoro. Kwera huyo hapatikani popote duniani ila Kilifi, na yuko hatarini kutoweka. Ukidhani umemwona Voi, ramani itakuambia uangalie tena. Jina likikosewa, kumbukumbu za ndege huyo nazo huharibika.

4. Uzito. Kitabu kisichobebeka kitabaki nyumbani.

Kabla ya kulipa, kijaribu. Mfikirie ndege unayemwona kila siku, kama chozi anayefyonza maua uani, kisha mtafute. Ukimpata kwa dakika chache, kitabu hicho kinakufaa. Ukishindwa, jaribu kingine.

Vingi vimeandikwa kwa Kiingereza. Andika kwa penseli jina la Kiswahili au Kigiriama kando ya kila ndege unayemjua, na waulize wazee majina usiyoyajua. Ikiwa bei inakulemea, changeni kikundi kizima mnunue kimoja, mkitumie kwa zamu.