Somo la Tisa: Kukagua Birika la Umeme la Mtumba

Katika somo lililopita ulijifunza kuwa umeme hupita pale tu penye njia kamili. Sasa utalitumia jambo hilo kukagua birika la bati lililonunuliwa mtumbani.

Kwa kawaida mnunuzi hulichomeka birika, maji yakachemka, naye akalipa fedha. Jaribio hilo halitoshi. Birika linalochemsha maji vizuri laweza pia kuua.

Tazama plagi yenye miguu mitatu. Ndani ya waya wake mna nyaya tatu. Wa kahawia huleta umeme wa volti 230, na wa buluu huukamilishia njia. Wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, huunganisha bati la birika na fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini. Waya wa kahawia ukichubuka na kugusa bati, umeme mwingi hukimbilia ardhini ghafla, na fyuzi hukatika. Lakini kama waya wa tatu umekatwa, fyuzi haikatiki, na bati hubaki na umeme. Fyuzi ya plagi huweza kuhimili ampea 13, hali sehemu 1 tu ya 20 ya ampea moja ikipita kifuani yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mpishi aliyesimama miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji yumo hatarini zaidi.

Katika uwanda wa juu wa Makonde, kwa mfano Newala, udongo wa juu hukauka sana wakati wa kiangazi. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Kwa hiyo fimbo ya ardhini yapasa izikwe kwa kina, ifikie udongo wenye unyevu.

Kazi ya kufanya

Birika lisichomekwe popote, wala lisiwe na maji. Likiwa na kitako chake, liweke juu yake. Chukua betri ya tochi, balbu yake na nyaya mbili. Waya wa kwanza utoke kwenye ncha moja ya betri hadi mguu mrefu wa plagi. Kalisha balbu juu ya ncha ya pili ya betri. Waya wa pili utoke ubavuni mwa balbu hadi kwenye bati, mahali pasipo na rangi. Balbu ikiwaka, waya wa tatu haukukatika. Isipowaka, mpelekee fundi umeme, usilifungue mwenyewe. Hata ikiwaka, volti 1.5 haziwezi kupima uzima wa vihami. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mita.

Soma pia kibandiko. Chombo kilichotengenezwa kwa matumizi ya Japani huhitaji volti 100. Kikichomekwa kwenye volti 230, joto lake huzidi mara tano. Alama ya mraba ndani ya mraba huonyesha chombo kisichohitaji waya wa tatu.

Maswali

1. Kwa nini fyuzi peke yake haimlindi mpishi?
2. Watu wengine huchomeka plagi ya miguu miwili kwa kusukuma kijiti katika tundu la juu la soketi. Eleza hatari zake.