Trekta Ingali Yanguruma, Mbona Yauzwa?



Tangazo la mnada likibandikwa katika shamba la utafiti la Serikali, maneno huwa mengi katika skimu zilizo karibu. Wengine husema, "Trekta ile ingali yanguruma, mbona yatupwa? Huko ni kuharibu mali ya umma." Wengine huanza kuchanga fedha za kikundi ili waende kuinunua. Mambo hayo mawili yafaa yatazamwe pamoja, kwa maana anayeelewa kwa nini shamba la utafiti huacha mashine, ataelewa pia kama yamfaa yeye kuichukua.

1. Kazi ya shamba la utafiti

Shamba la utafiti halilimi ili liuze magunia mengi. Hulima ili lipate jawabu la kweli. Chukueni mfano wa Njoro, ambako kituo cha Serikali cha kuzalisha mbegu za ngano kilianzishwa mwaka 1927. Tangu mwaka 2005 ngano kutoka nchi nyingi zimepandwa huko zijaribiwe na kutu ya shina iitwayo Ug99, ugonjwa uliogunduliwa Uganda mwaka 1998.

Katika majaribio ya mavuno, kila aina ya mbegu hupewa kipande kidogo cha ardhi. Tuseme kipande ni mita 10 za mraba. Hektari moja ina vipande 1,000 vya namna hiyo. Basi mashine kuukuu ya kuvuna ikibakiza gramu 100 tu za ngano tumboni mwake, daftari litaonyesha upungufu wa kilo 100 kwa hektari, yaani zaidi ya gunia moja la kilo 90. Tena punje zilizobaki zitatoka pamoja na za kipande kifuatacho. Aina njema itaonekana mbaya, na aina mbaya itaonekana njema. Hasara hiyo haiishii kituoni. Yakufikia wewe, utakayeshauriwa kupanda mbegu isiyo bora.

2. Dalili za mashine iliyochoka

Umri peke yake hauhukumu mashine. Tazama mambo haya manne:

(a) Haifanyi kazi sawasawa hata baada ya kutengenezwa. Planta yamwaga mbegu nyingi hapa na chache pale.
(b) Yalala gereji wakati wa kazi. Mvua haimngojei fundi.
(c) Spea zake hazipatikani tena, au zapatikana kwa kung'oa mashine nyingine.
(d) Ni ya hatari. Trekta nyingi za zamani hazina upinde wa chuma wa kumkinga dereva trekta ikipinduka. Uswidi iliulazimisha kwa trekta mpya tangu mwaka 1959. Mhimili wa nyuma unaoendesha mashine huzunguka mara 540 kwa dakika; usipokuwa na kifuniko, hunasa nguo na kuvunja mkono kabla mtu hajapiga kelele.

Si lazima kila mara mashine nzima ibadilishwe. Jaribu bomba lako la kunyunyizia dawa. Kinga maji ya nozeli mpya kwa dakika moja, kisha ya nozeli kuukuu, ukipiga pampu kwa nguvu ile ile. Ya zamani ikipita mpya kwa zaidi ya sehemu 10 katika 100, itupe. Mpya ikitoa mililita 600 na kuukuu 690, umepita kwa sehemu 15. Wamwaga dawa na fedha. Hapo nozeli ndiyo ya kubadilishwa, bomba libaki.

3. Hesabu yake

Tuseme trekta kuukuu yala shilingi 400,000 za matengenezo kwa mwaka, nayo yafanya kazi saa 400. Kila saa ni shilingi 1,000, kabla ya mafuta na dereva.

Tuseme mpya ni shilingi 3,600,000, na baada ya miaka 10 itauzwa kwa 600,000. Kila mwaka yapoteza thamani ya 300,000. Ongeza 100,000 za kuitunza. Ikifanya kazi saa 800, kila saa ni shilingi 500. Shamba kubwa lenye kazi nyingi lapata faida kwa kubadilisha.

Lakini mkulima mwenye kazi ya saa 150 tu, hata utunzaji ukimgharimu 20,000, atatumia 320,000. Kila saa ni zaidi ya shilingi 2,100. Riba ya mkopo hatujaitia. Huyo afadhali akodi, au ajiunge na wenzake.

4. Mashine ya Serikali huachwaje?

Mkuu wa kituo hawezi kumpa rafiki yake trekta. Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 yataja njia: kuihamishia ofisi nyingine ya umma, zabuni ya wazi, mnada wa hadhara, kuibadilisha kwa mpya kwa kuongeza fedha, au kuitupa kama taka. Kwa hiyo tangazo lile ni haki yako kulisoma.

5. Kabla kikundi hakijanunua

Trekta isiyofaa kwa majaribio yaweza kufaa kwa kuvuta tela. Mashine ya kuvunia vipande vidogo, hata ikiwa nzima, haina kazi kwako. Nendeni na fundi wenu siku ya kukagua. Injini iwashwe ikiwa baridi. Mafuta ya injini yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiruhusiwa, inueni plau, mngoje, mwone kama yashuka yenyewe. Ulizeni daftari la matengenezo na hati ya umiliki. Wekeni akiba ya spea kabla ya kutaja bei, na bei ya mwisho iandikwe katika kitabu cha mkutano, ili mwenye kunadi asivutwe na kelele za mnadani.

Maswali ya kujibu katika kikundi

1. Trekta yetu ilifanya kazi saa ngapi mwaka jana?
2. Ilikula shilingi ngapi za matengenezo?
3. Ililala siku ngapi wakati wa kupanda?

Kikundi kisichoweza kujibu hakijawa tayari kununua. Kianze na daftari la shilingi chache, kisha kimwone Bwana Shamba.