Kutoka khila ya Misri hadi inhela: je, mmea unaweza kufanya kazi ya steroidi mapafuni?



Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa hosteli alikimbizwa hospitali usiku wa manane akiwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Ana pumu tangu utotoni. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ameifungia kabatini inhela yake ya kahawia, ile yenye steroidi, kwa kuwa aliambiwa ni kemikali inayokula mifupa. Badala yake akawa anajifukiza kwa habasoda na majani ya mkaratusi asubuhi na jioni. Inhela ya buluu aliendelea nayo, na ndiyo iliyomdanganya. Ilimfungua kifua kwa saa chache, naye akadhani ni mvuke unaofanya kazi.

Aliporudi alituuliza: kwani haiwezekani kabisa mmea ukavutwa kifuani ukafanya kazi ya steroidi? Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu jambo hilo limewahi kujaribiwa na likafanikiwa kwa kiasi fulani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwenye pumu hasumbuliwi na kubana kwa misuli ya njia za hewa peke yake. Ndani ya kuta za njia hizo kuna uvimbe wa kudumu, hata siku anapojiona mzima. Inhela ya buluu hulegeza misuli tu. Steroidi huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, kisha huzima jeni nyingi zinazotoa amri ya uvimbe. Kwa dozi za kawaida za kuvuta, madhara yake mengi ni ya kinywani na kooni: fangasi na sauti kukwama. Dozi kubwa kwa miaka mingi zinaweza kugusa mifupa na macho, na kwa watoto ukuaji hupungua kidogo. Kwa hiyo hamu ya kupata mbadala si ya kijinga. Tena wapo wagonjwa, hasa wenye mapafu yaliyoharibiwa na sigara au moshi wa kuni, ambao uvimbe wao hausikii sana steroidi.

Sasa twende Misri. Huko kuna mmea uitwao khila, kwa jina la kitaalamu Ammi visnaga, jamaa ya karoti na bizari. Vijiti vya maua yake vikikauka watu huvitumia kuchokolea meno, na mbegu zake zimechemshwa tangu zamani kutibu maumivu ya mawe kwenye njia ya mkojo. Katika miaka ya 1940, mtaalamu wa fiziolojia Gleb Anrep, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, aligundua kwamba fundi wake wa maabara aliyekunywa khila kwa ajili ya maumivu ya figo alipata nafuu pia ya maumivu ya moyo. Kiini cha mmea, khelini, kikaanza kuchunguzwa: kinalegeza misuli ya mishipa na ya njia za hewa. Lakini kukimeza kulileta kichefuchefu, na nguvu yake kwa pumu ilikuwa ndogo.

Hapo anaingia Roger Altounyan, daktari aliyezaliwa Syria mwaka 1922, ambaye mwenyewe alikuwa na pumu. Katika miaka ya 1950 alijiunga na kampuni ya dawa huko Uingereza, ambako wanakemia walikuwa wakitengeneza molekuli zilizofanana na khelini. Wanyama wa maabara hawakuwa kipimo kizuri cha pumu ya binadamu, basi akajifanya yeye kuwa kipimo. Aliandaa maji ya manyoya ya panya-buku, ambayo yalikuwa yakimletea shambulio, akayavuta kwa makusudi baada ya kuvuta dawa inayojaribiwa, kisha akapima pumzi zake. Alifanya hivyo kwa miaka, kwa mamia ya molekuli. (Leo kamati yoyote ya maadili ya utafiti ingemfungia mlango, na ingekuwa sawa.)

Mwaka 1965 ikapatikana kromoglikati ya sodiamu: pete mbili za aina iliyomo ndani ya khelini, zimeunganishwa kwa mnyororo mfupi. Ajabu yake ni kwamba haikulegeza misuli kabisa. Ilichofanya ni kuzuia seli za masti zisimwage histamini na wenzake pale kizio kinapoingia. Ukiivuta baada ya shambulio kuanza haikusaidii. Ukiivuta kabla, shambulio linapungua au halitokei.

Ilibaki namna ya kuifikisha. Kromoglikati ikimezwa karibu yote hupita tumboni bila kuingia mwilini. Altounyan aliwahi kuwa mwalimu wa marubani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kifaa alichobuni kina feni ndogo kama ya ndege. Mgonjwa akivuta pumzi, feni inazunguka na kutawanya unga kutoka kwenye kapsuli. Dawa iliingia sokoni Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na Marekani ikaidhinishwa mwaka 1973. Kwa watoto wengi wa kizazi kile ilikuwa kinga yao ya kila siku bila steroidi, na usalama wake ulikuwa wa kupigiwa mfano.

Kwa nini basi huikuti kwenye famasia ya jirani? Kwanza, ilibidi ivutwe mara nne kwa siku. Piga hesabu ya mwanafunzi mwenye vipindi kutwa, au anayefunga Ramadhani na kufuata kauli ya wanavyuoni wanaosema inhela inafunguza. Pili, steroidi za kuvuta zilipoanza kuenea katika miaka ya 1970, majaribio ya kulinganisha yalionyesha zinadhibiti pumu vizuri zaidi. Kromoglikati hufunga mlango mmoja. Steroidi huzima taa ya nyumba nzima. Siku hizi utaikuta zaidi katika matone ya macho ya mzio.

Na hapa kuna jambo ambalo lilimfanya mwenzetu anyamaze kidogo. Steroidi anayoiita kemikali ina asili ya shambani. Katika miaka ya 1940 Russell Marker alitumia viazi vikuu vya mwitu vya Mexico kutengeneza homoni za aina hiyo. Baadaye kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilitengeneza kotisoni na jamaa zake kwa kutumia hekojenini, dutu inayotokana na maji ya majani ya mkonge, mkonge uliolimwa hapa hapa Afrika Mashariki. Maji hayo yalikuwa taka za kiwandani baada ya kutoa katani.

Turudi kwenye sufuria ya kujifukiza. Mvuke hubeba kile tu kinachoweza kuruka na hewa, yaani mafuta mepesi yenye harufu. Molekuli nzito hubaki chini ya sufuria. Matone makubwa ya mvuke huishia puani na kooni, kwa kuwa ili kitu kifike ndani ya mapafu chembe zake zinatakiwa kuwa kati ya mikroni 1 na 5 hivi. Isitoshe, harufu kali yenyewe inaweza kubana kifua chenye pumu. Mafuta ya habasoda yamejaribiwa kwa wagonjwa wa pumu katika tafiti ndogo, na yapo matokeo ya kutia moyo. Lakini wagonjwa hao walimeza vidonge, na waliendelea na inhela zao. Kuvuta mafuta ya kula ni hatari ya wazi: mafuta yakikaa mapafuni huleta nimonia ya aina yake.

Kwa wale wa famasia na kemia wanaotafuta mada ya mradi, ugumu upo hapa. Steroidi hufanya kazi kwa mikrogramu mia chache kwa siku. Kiini cha manjano, kwa mfano, huzuia uvimbe kwenye sahani ya maabara, lakini hakiyeyuki vizuri majini na huvunjika upesi, na kiasi cha unga ambacho mtu anaweza kuvuta bila kukohoa ni kidogo. Mbegu za mvua hii na za mvua ijayo hazina kiwango sawa cha dawa. Ndiyo maana Altounyan hakuvuta khila. Alivuta molekuli moja, safi, iliyopimwa, ambayo khila ilitoa wazo lake. Anayetaka kuanza aanze kwa kupima ukubwa wa chembe na uthabiti wa kiini kimoja, kabla hata ya kufikiria panya.

Mwenzetu amerudi kwenye inhela yake ya kahawia, kwa dozi ambayo daktari ameipunguza kidogo baada ya miezi mitatu ya utulivu. Kila akimaliza kuvuta anasukutua na kutema, kukwepa ile fangasi. Chupa ya habasoda bado ipo mezani. Anakula kijiko kimoja na asali asubuhi, na daktari wake anajua.