Kayongo: Ua Zuri, Mwizi wa Mahindi

Mkulima, pita shambani wakati wa mvua, katika sehemu za Nyanza au Magharibi. Huenda ukaona maua ya rangi ya waridi yamechanua chini ya mabua ya mahindi. Mgeni atayasifu. Mwenye shamba hawezi kuyasifu, kwa maana anajua kwamba chakula cha watoto wake kimekwisha punguzwa.

Gugu hili Wajaluo huliita kayongo. Wenzetu wa Tanzania huliita kiduha. Jina lake la kitaalamu ni Striga hermonthica. Ni mmea wa asili wa Afrika.

Huibaje?

Kayongo lina majani ya kijani, nalo hujitengenezea sehemu ya chakula chake kwa mwanga wa jua. Lakini chakula hicho hakilitoshi. Kwa hiyo hushika mizizi ya mahindi, mtama au miwa, na kufyonza maji na chakula.

Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mche mmoja waweza kutoa mbegu 50,000 na zaidi, nazo huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Mizizi ya mahindi inapokua hutoa kemikali fulani udongoni. Mbegu za kayongo zilizo karibu huamka na kuishika mizizi hiyo.

Sasa sikiliza vizuri. Madhara makubwa hutendeka chini ya ardhi, kabla hujaliona gugu lenyewe. Mahindi hudumaa na kuwa manjano ijapokuwa mvua imenyesha. Basi kung'oa kayongo leo hakuokoi sana mahindi ya leo. Huokoa mahindi ya miaka ijayo. Anayekata tamaa na kuliacha lizae anawawekea watoto wake deni.

Fanya hivi:

1. Ng'oa kayongo kabla halijatoa mbegu, ulichome moto. Usiwape ng'ombe, kwa kuwa mbegu hupita tumboni zikarudi shambani pamoja na samadi.

2. Osha majembe na plau ukitoka katika shamba lenye gugu hili. Usipande mbegu za mahindi zilizotoka katika shamba hilo.

3. Tia samadi iliyooza vizuri. Kayongo hustawi katika udongo uliochoka.

4. Badilisha mazao. Pamba, soya na alizeti huziamsha mbegu za kayongo, lakini hazishikwi. Mche mchanga hukosa mahali pa kunyonya ukafa kwa njaa.

5. Panda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa ICIPE huko Mbita walikuwa wakitafuta njia ya kuzuia wadudu wanaotoboa mabua. Wakaona kwamba mmea huu hupunguza kayongo pia. Tena ni chakula kizuri cha ng'ombe.

Kazi hii si ya mtu mmoja. Katika skimu mashamba yamepakana, na mbegu huchukuliwa na upepo, maji na miguu ya wanyama. Patana na jirani yako mng'oe pamoja.

Jiulize:

Je, mwaka jana niliacha kayongo likatoa mbegu? Majembe niliyoazima yalitoka shamba gani? Ni sehemu gani nitakayopanda soya msimu ujao?

Ukiwa na shaka, mwone Bwana Shamba wa eneo lako.